Otto Loewi: munganga aliyegundua namna mishipa inatuma habari kwa moyo

Kwa miaka mingi, wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kama mishipa ya fahamu inatoa amri kwa moyo kwa njia ya umeme tu. Otto Loewi, Muyahudi aliyezaliwa Ujerumani na kufundisha Austria, alionyesha mwaka wa 1921 kama kuna kitu kingine kinachopita kati ya mushipa na moyo: dawa yenye mwili wenyewe unatengeneza. Kazi hiyo ilimuletea tuzo la Nobel mwaka wa 1936. Hata miaka miwili haikuisha, Wanazi wakamutia gerezani, wakamunyanganya feza za tuzo na kumufukuza katika inchi.

Mutoto aliyependa picha kuliko dawa

Loewi alizaliwa tarehe 3 Juni 1873 katika muji wa Frankfurt. Baba yake alikuwa mufanyabiashara wa divai. Katika masomo ya sekondari, kijana Otto alipata pointi nzuri katika lugha za zamani, lakini hesabu na fizika zilimushinda. Yeye alitamani kusoma historia ya sanaa: picha za wachoraji wakubwa na majengo ya zamani. Jamaa yake haikukubali. Waliona kama unganga ni kazi yenye itamulisha, naye akatii.

Mwaka wa 1891 aliingia chuo kikuu cha Strasbourg, muji ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani. Mara nyingi aliacha masomo ya unganga na kwenda kusikiliza walimu wa filozofia na wa sanaa. Mwaka wa 1893, mutihani wa kwanza wa unganga aliupita kwa shida sana. Kisha hapo akajikaza. Kazi yake ya mwisho wa masomo aliifanya kwa Oswald Schmiedeberg, mumoja wa watu walioweka musingi wa elimu ya dawa ya kisasa. Ilihusu namna dawa mbalimbali zinagusa moyo wa chura uliotolewa mwilini. Moyo wa chura una jambo moja la ajabu: ukitolewa na kuwekewa maji ya chumvi yaliyopimwa vizuri, unaendelea kupiga kwa saa nyingi. Loewi alipata diploma ya unganga mwaka wa 1896, na moyo huo mudogo hakuusahau tena.

Mikono mitupu mbele ya wagonjwa

Kisha masomo, alitumika katika hospitali ya muji wa Frankfurt. Humo aliona wagonjwa wengi wa kifua kikuu na wa mapafu wakifa mumoja kisha mwingine. Wakati ule antibiotiki hazikuwako. Munganga alijua jina la ugonjwa, lakini hakuwa na kitu cha kumupa mugonjwa. Loewi alishindwa kuvumilia hali hiyo. Aliamua kuacha vitanda vya wagonjwa na kuingia labo, ili atafute namna dawa inatumika ndani ya mwili. Mwaka wa 1898 akawa musaidizi wa profesa Hans Horst Meyer katika chuo kikuu cha Marburg.

Mwaka wa 1902 alifanya safari ya miezi kadhaa Uingereza. Safari hiyo ilibadilisha mawazo yake. Huko London, mwaka ule ule, Ernest Starling na William Bayliss walikuwa wameonyesha kama matumbo yanatoa kitu fulani chenye kupita katika damu na kuambia kongosho itoe maji yake ya kuyeyusha chakula. Hakuna mushipa wa fahamu uliohitajika kwa kazi hiyo. Katika labo ya Starling, Loewi alikutana na kijana Mwingereza, Henry Dale. Urafiki wao ulidumu maisha yote.

Kisha safari hiyo, Loewi alianza kujiuliza swali ambalo aliliongea na rafiki mumoja mwaka wa 1903: kama matumbo yanatuma habari kwa njia ya kemikali, je, mushipa wa fahamu hauwezi kufanya vile vile? Swali lilikuwa zuri, lakini hakuona njia ya kulipima. Akaliweka pembeni, na lilibaki pembeni kwa miaka karibu 17.

Katika miaka hiyo hakukaa bure. Alifuata Meyer huko Vienna mwaka wa 1905. Mwaka wa 1908 akaoa Guida Goldschmiedt, binti wa profesa wa kemia, na wakazaa watoto 4. Mwaka wa 1909 alipewa kiti cha profesa wa elimu ya dawa katika chuo kikuu cha Graz. Alikaa katika muji huo hadi mwaka wa 1938.

Umeme ule ule, matokeo mbalimbali

Ili kuelewa alichokitafuta Loewi, inafaa kujua wataalamu walikuwa wamefika wapi. Walijua kama umeme kidogo unakimbia ndani ya mushipa wa fahamu. Walijua pia kama moyo unapokea mishipa ya aina mbili. Mumoja unaitwa vagusi, unatoka chini ya ubongo, unapita shingoni na kushuka hadi kifuani. Ukiuchokoza kwa umeme, moyo unapunguza mwendo. Mishipa ya aina ya pili inafanya kinyume: ukiichokoza, moyo unapiga mbio.

Hapo ndipo kulikuwa fumbo. Umeme unaopita katika mishipa hiyo ni wa namna moja. Sasa kwa nini kwa huku moyo unatulia, na kwa huku unakimbia? Tena mushipa haujaungana na seli za moyo kabisa. Mwisho wake kuna nafasi ndogo sana. Wengi walisema umeme unaruka nafasi hiyo. Wachache waliwaza kama mushipa unamwanga kitu pale. Mwaka wa 1904, Mwingereza Thomas Elliott alikuwa ameandika kama pengine mishipa fulani inatoa adrenalini. Lakini hakuna mutu aliyeleta ushuhuda.

Usiku wa Pasaka

Kufuatana na masimulizi ya Loewi mwenyewe, jibu lilimufikia usingizini, usiku wa kuamkia Pasaka mwaka wa 1920. Aliamuka katikati ya usiku, akawasha taa, akaandika mistari michache juu ya kipande cha karatasi, kisha akalala tena. Asubuhi, saa kumi na mbili, alikumbuka kama aliandika jambo kubwa, lakini maandishi yake mwenyewe hakuweza kuyasoma. Siku hiyo yote aliteseka akijaribu kukumbuka. Usiku wa pili, saa tisa, wazo lilirudi. Mara hii hakuandika kitu. Alivaa nguo na kukimbia labo.

Alitoa mioyo miwili ya chura. Wa kwanza ulibaki na mushipa wake wa vagusi, wa pili hakuuachia mushipa. Kila moyo aliujaza maji ya chumvi, na yote miwili ikaendelea kupiga. Kisha alichokoza vagusi ya moyo wa kwanza kwa umeme kwa dakika chache. Moyo ule ukapunguza mwendo, jambo ambalo kila mutaalamu alilijua. Loewi akachota maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo na kuyatia katika moyo wa pili, ule usiokuwa na mushipa. Nao ukapunguza mwendo, sawa vile vagusi yake yenyewe ingekuwa imechokozwa.

Kisha akafanya hivyo na mushipa wa kuongeza mbio. Maji yakapita kutoka moyo wa kwanza hadi wa pili, na moyo wa pili ukaongeza mbio.

Umeme hauwezi kuchotwa na kuhamishwa pamoja na maji ya chumvi. Ndani ya maji kulikuwa kitu. Loewi alikiita kwa Kijerumani Vagusstoff, maana yake kitu cha vagusi. Habari ilichapishwa mwaka wa 1921. Baadaye alikubali kama, akili yake ingekuwa macho muchana, angelikataa jaribio hilo mbele ya kulianza. Mushipa ukitoa kitu, ungetoa kiasi kidogo cha kutosha kwa nafasi ile ndogo tu. Hakuna sababu ya kuwaza kama kingezidi hadi kujaa katika maji. Lakini kilizidi.

Mara 18 mbele ya wenye mashaka

Wengi hawakuamini. Wataalamu fulani walirudilia jaribio katika labo zao na hawakuona kitu. Sababu mojawapo ilikuwa katika chura mwenyewe: vagusi yake inabeba nyuzi za kupunguza na nyuzi za kuongeza mbio pamoja, na zipi zinashinda inategemea aina ya chura na majira ya mwaka. Sababu ya pili ni kwamba kitu chenyewe kinapotea haraka sana.

Mwaka wa 1926, wakati wa mukutano mukubwa wa kimataifa wa wataalamu wa mwili katika muji wa Stockholm, Loewi aliombwa kufanya jaribio mbele ya macho ya wote. Alilifanya mara 18 na moyo ule ule wa chura, na lilifaulu.

Mwaka ule ule, pamoja na musaidizi wake Navratil, alieleza sababu ya kitu hicho kupotea: ndani ya moyo kuna enzimu yenye kukivunja. Waliligundua hilo kwa musaada wa dawa kutoka Afrika. Katika eneo la Calabar, inchi ya Nigeria ya leo, kuna mumea wenye mbegu za sumu kali, ambazo zamani watu walioshitakiwa uchawi walilazimishwa kuzinywa. Ndani ya mbegu hizo kuna eserini, ambayo wanganga wa Ulaya walikuwa wakiitumia kwa ugonjwa wa macho. Loewi na Navratil waliona kama eserini inazuia enzimu ile, na hivi kitu cha vagusi kinadumu na kuongezeka nguvu.

Kitu hicho kilifanana kwa kila njia na asetilikolini, ambayo rafiki yake Dale alikuwa ameichunguza tangu mwaka wa 1914. Mwaka wa 1929, Dale na Harold Dudley waliitoa katika wengu wa ng'ombe na wa farasi, na hivi wakaonyesha kama mwili wa munyama unaitengeneza wenyewe. Dale na wenzake wakaendelea mbele: walionyesha kama asetilikolini ile ile ndiyo inaleta amri ya mishipa kwa misuli ya mikono na ya miguu.

Anayepokea ndiye anaamua

Hapa kuna somo kubwa la kazi hiyo. Asetilikolini ikifika kwa seli za moyo, inazituliza. Ikifika kwa musuli wa mukono, inauambia ujikaze. Kitu ni kimoja, lakini matokeo yanapingana. Maana ya habari inatoka kwa seli inayoipokea.

Loewi aligusa jambo hilo kwa dawa nyingine, atropini. Wanganga walijua kama mutu akipewa atropini, vagusi haiwezi tena kupunguza mwendo wa moyo. Wangeweza kufikiri kama dawa hiyo inafunga mudomo wa mushipa. Loewi alionyesha kama sivyo: mushipa unaendelea kutoa asetilikolini yake, lakini moyo hausikii tena. Atropini inaziba masikio ya moyo.

Masikio hayo leo yanaitwa vipokezi. Ni protini zilizosimama katika ngozi ya inje ya seli, na kila moja inashika kitu cha umbo lake, sawa kufuli na ufunguo. Katika musuli wa mukono, kipokezi cha asetilikolini ni mulango wenyewe: kikishikwa, kinafunguka na chumvi ya sodiamu inaingia mara moja. Katika moyo, kipokezi ni cha namna nyingine. Kikishikwa inje, kinaamusha protini nyingine iliyo ndani, nayo inakwenda kufungua milango ya potasiamu. Hivi habari inapokelewa mulangoni na kupitishwa mukono kwa mukono hadi mwendo wa moyo unashuka. Maelezo hayo yalifahamika kisha Loewi kufa, lakini yanasimama juu ya mioyo yake miwili ya chura.

Kutoka Stockholm hadi gereza

Mwezi wa Desemba 1936, Loewi na Dale walipokea pamoja tuzo la Nobel upande wa unganga, tuzo ambalo mwaka wa 2018 munganga Denis Mukwege wa Bukavu alilipata upande wa amani. Loewi alikuwa na miaka 63. Mwezi ule ule, Mujerumani Gerhard Schrader, aliyekuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu wa mashamba, alitengeneza tabuni. Sumu hiyo inaua watu kwa kuzuia enzimu ile ile yenye Loewi na Navratil walieleza. Jeshi la Hitler liliifanya silaha.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Machi 1938, wakati Wanazi walipochukua Austria, vijana wenye silaha waliingia katika chumba alicholala Loewi na kumupeleka gerezani. Watoto wake wawili wa kiume walifungwa pia. Loewi aliamini kama atauawa. Lakini kilichomusumbua zaidi ni jaribio lake la mwisho, ambalo lilikuwa halijachapishwa. Alimwomba mulinzi kadi ya posta na kalamu, akaandika matokeo kwa ufupi, na kadi ikatumwa kwa gazeti moja la sayansi. Alisimulia kisha kama alipojua kadi imekwenda, alipata utulivu mukubwa.

Kisha miezi karibu miwili walimufungua. Ruhusa ya kutoka katika inchi aliipata mwezi wa Septemba, na kwa bei kali: alilazimishwa kuhamisha feza za Nobel kutoka benki ya Stockholm hadi benki iliyokuwa mikononi mwa Wanazi. Bibi yake walimuzuia nyuma, wakimutaka kwanza aache mali iliyokuwa Italia. Muzee wa miaka 65 aliondoka bila nyumba, bila labo, bila feza.

Brussels, Oxford, New York

Alifika kwanza London kwa rafiki zake. Kisha chuo kikuu huru cha Brussels kilimupokea kama profesa mugeni kwa musaada wa Fondation Francqui. Shirika hilo lina jina la Émile Francqui, yule ambaye jina lake muji wa Ilebo, katika Kasai, ulilibeba wakati wa ukoloni: Port-Francqui. Vita ilipoanza mwaka wa 1939, Loewi alikuwa Uingereza, naye akabaki huko, akitumika Oxford.

Mwaka wa 1940 alipanda meli kwenda Marekani, ambako chuo kikuu cha New York kilimupa kazi ya utafiti. Alisimulia kama, alipokaribia kushuka, aliona katika cheti chake cha afya maneno yaliyosema yeye ni muzee aliyechoka, asiyeweza kujitafutia chakula. Aliogopa kama watamurudisha kwa Hitler. Ofisa wa bandari hakujali maneno hayo, akamuacha aingie. Bibi yake alimufikia mwaka wa 1941. Mwaka wa 1946 Loewi akapata uraia wa Marekani. Aliendelea kufundisha, na kila wakati wa joto alikwenda Woods Hole, kando ya bahari, fasi yenye wataalamu wa viumbe wanakutana.

Kazi yake hospitalini na mashambani

Matunda yalionekana mapema. Mwaka wa 1934, katika hospitali moja ya Greenwich, Uingereza, munganga Mary Walker aliwapa eserini wagonjwa ambao misuli yao ilikuwa inalegea, na nguvu zikawarudilia kwa muda. Wagonjwa hao wana shida katika vipokezi vya asetilikolini, na kuzuia enzimu kunawasaidia.

Katika inchi nyingi, walimaji wanaopulizia mashamba dawa za wadudu za jamii ya organofosfati wanaweza kupata hatari ile ile ya tabuni, hata kama sumu yenyewe ni ya nguvu ndogo. Enzimu inazuiwa, asetilikolini inajaa, mate na jasho vinamwagika, mboni ya jicho inakuwa ndogo, moyo unaweza kupunguza mwendo sana na pumzi inakatika. Hospitalini, mugonjwa wa namna hiyo anapigwa sindano ya atropini, ile ile yenye Loewi alionyesha kama inaziba masikio ya moyo. Haiondoi sumu, lakini inamupa mugonjwa nafasi ya kuishi. Kwa sababu hiyo, mutu akianza kutoka jasho na mate mengi kisha kupulizia dawa, inafaa kumuvua nguo zenye dawa, kumuosha na maji na sabuni, na kumukimbiza kwa wanganga bila kuchelewa.

Mwaka wa 1970, tuzo la Nobel la unganga liliwaendea Bernard Katz, Ulf von Euler na Julius Axelrod, walioeleza zaidi namna mishipa inaweka akiba ya vitu hivyo, inavimwanga na kuvirudisha. Katz naye alikuwa Muyahudi aliyekimbia Ujerumani.

Loewi hakuona siku hiyo. Bibi yake Guida alikufa mwaka wa 1958. Yeye alikufa New York siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1961, akiwa na miaka 88. Alizikwa Woods Hole.